Katoni Thelathini za Muzee wa Depo

Taabu yangu ilianza mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa siku ya Noeli. Redio ilitangaza kwamba noti kubwa zimekufa, si pesa tena, na watu wakapewa siku chache kubadilisha kidogo walicho nacho. Baba alikuwa muuza maharage. Pesa zake alizilaza ndani ya godoro. Alisimama kwenye mstari siku tatu, siku ya nne akarudi na noti zilezile, akampa mama awashie moto. Baada ya likizo mwalimu alinirudisha nyumbani kwa kukosa ada, na sikurudi tena. Nilikuwa mwaka wa tano wa primeri.

Tangu hapo nina sheria moja: pesa inakufa, kitu hakifi. Nikipata franka asubuhi, jioni nimeigeuza misumari, mabati, sabuni, ardhi. Wenye vitabu walinicheka sana kwamba sina akaunti. Leo benki za Goma zimefunga milango, sisikii tena wakicheka.

Nimeanza na habari hii kwa sababu mutu ninayetaka kumwelezea aliijua. Nilimsimulia mimi mwenyewe, tukinywa chai kwake. Na siku alipotaka kuniuzia vitu vilivyokufa, aliingilia mlango huohuo.

Tulimwita Muzee wa Depo. Jina analo, lakini sitaliandika, watoto wake bado wanatafuta maisha mjini humu. Wala sitasema alizaliwa wapi, baba yake nani. Kwetu ukitaja kabila la mutu, msikilizaji anaacha habari na kuanza kuchagua upande. Inatosha kujua kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini, mashine nyingi za michezo ya video zilizoingia Goma zilipitia mikononi mwake. Depo yake ilikuwa Birere, hatua chache kutoka mpakani, katikati ya mama muuza vitenge na kijana muuza betri za jua. Mimi nilikuwa, na bado niko, mwenye chumba cha michezo Majengo: mbao, mabati, televisheni, vijana wakicheza mpira wa kwenye kioo. Kwangu sheria ni ya zamani. Franka mia mbili kwa mechi, na aliyeshindwa ndiye analipa. Mshindi anabaki kwenye benchi, anangoja mwingine wa kumlipia.

Kitu cha kwanza ulichoona ukiingia kwa Muzee ni rafu tupu. Ndefu, ya mbao nzuri, inaweza kubeba mashine arobaini. Juu yake ziliwekwa mbili. Hazikuwahi kuwa tatu. Nyuma kulikuwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia katoni zilipangwa hadi kwenye paa. Panya wa Birere wote walizijua, wateja hawakuzijua.

"Muzee, iko ingine?" mteja anauliza.

"Rafu ndiyo hiyo unaiona."

"Na hii ya pili?"

"Hiyo iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Atakayefika mbele yako."

Mteja alikuwa anatoa pesa palepale, huku anashukuru, kama mutu aliyepona ajali. Akishatoka, Muzee anaingia nyuma ya pazia, anatoa nyingine, anaiweka mahali pa ile iliyouzwa na kuipangusa. "Rafu ikishiba," aliniambia, "mteja anaanza kupunguza bei. Rafu ikiwa na njaa, anasahau hata kuomba matabishi." Na matabishi, ile nyongeza ndogo ambayo kila muuzaji wa Congo anampa mteja wake, yeye hakutoa kwa mutu yeyote. Hata kwa padri.

Hakuwa na kiti. Depo nzima haikuwa na kiti. Alikalia katoni. Mimi ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakukalia katoni yoyote tu. Kuna wakati kampuni ya Wamarekani ilitoa mashine yake, nguvu nyingi, sura nzuri, na wakala mmoja wa Dubai akampa kumi na mbili kwa bei ya chini. Muzee akazibeba. Hakuna aliyezitaka. Si kwamba zilikuwa mbaya. Ni kwamba hakuna jirani aliyekuwa nayo, kwa hiyo huwezi kuazima diski, huwezi kwenda kucheza kwa rafiki, fundi hajui kuifungua. Alizikalia miaka miwili. Asubuhi hadi jioni, katoni ya Mmarekani chini ya makalio yake. Kisha wageni wa mashirika kule Himbi wakaja, wakazinunua zote kwa siku tatu, na siku ya nne nilimkuta amekalia katoni ya aina nyingine.

"Umebadilisha kiti, Muzee."

"Kiti cha mufanyabiashara," akasema, "ni kile kitu kimekataa kwenda."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Vita vya kampuni zile kubwa alivijua kama wengine wanavyojua mpira. Hakuwahi kushika mchezo hata mmoja, lakini alijua nani ameshusha bei, nani amechelewesha, nani ametoa rangi mpya ili kuuza mzoga wa zamani. Mimi sikusoma, nilitaka kuelewa, nikamuuliza siku moja inakuwaje mashine nzito namna ile, yenye akili namna ile, inauzwa karibu sawa na televisheni. Akanielekeza kwa mama aliyekuwa akichoma mahindi juu ya jiko la makaa ng'ambo ya barabara.

"Unaona mbabula yake? Sasa fikiria kuna mutu anauza mbabula kwa hasara. Anakupa karibu bure. Lakini ameitengeneza hivi, kwamba inakula makala yake tu. Makala ya mutu mwingine ukiweka, haiwaki. Atapata hasara siku moja, atakula faida miaka saba."

"Na makala ni diski za michezo."

"Umeelewa. Wale wakubwa wako watatu. Wawili wanapigana kila mutu aingize mbabula yake nyumbani kwako. Wa tatu anauza vidogo vya kubeba mukononi, anawacheka pembeni. Wote wanataka kitu kimoja: uwashe moto kwao maisha yako yote."

"Na sisi Goma?"

Hapo alicheka, kicheko chake cha puani. "Sisi tumechukua mbabula, makala tumeiba."

Kweli. Sisi tulinunua diski za kunakili, baadaye fundi alitutilia michezo yote ndani ya mashine, kampuni haikuona hata senti. Vijana walizihesabu mashine kama madarasa: ya pili, ya tatu, ya nne. Ya pili na ya tatu zilikuwa zetu kabisa, fundi alizifungua kama kopo la samaki. Ya nne ilianza kuwa ngumu. "Wamejifunza," Muzee akasema. "Mashine ina adui mumoja tu, usisahau. Si umeme mubaya, si watoto. Adui yake ni mashine inayokuja."

Aliniambia hivyo mara nyingi. Lazima niandike ukweli: aliniambia mara nyingi.

Kwake nyumbani michezo ilikatazwa. Watoto wake sita walikua bila kushika manete, kile kishikio cha mkononi, na baba yao akiwa ameyajaza nusu ya mji. Alisema ni ugonjwa. Akina mama walikuja kumfokea deponi kwake, kwamba watoto hawaendi shule, wanashinda kwenye vyumba vya michezo. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kofia mkononi, halafu anajibu polepole: "Mama, mie nauza mbabula. Nani alimwambia mutoto wako akae ndani ya moto?" Wengine walimtukana. Mmoja alimmwagia maji ya sabuni. Alijipangusa uso, akamwambia asante, kulikuwa na joto.

Lakini mutu huyu, ambaye hakutoa matabishi kwa padri, alinipa mashine yangu ya kwanza bila hata franka moja. Nilikuwa nasukuma chukudu wakati huo, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nilimletea mizigo kutoka mpakani, nikasimama kuangalia vijana wanavyojaribu mashine. Aliniona.

"Unaangalia nini, wee wa chukudu?"

"Naangalia nani analipa."

"Na nani analipa?"

"Hapa hakuna. Wanacheza bure, wanaondoka. Mimi ningewaweka wawili wawili. Aliyeshindwa alipe."

Aliinuka kutoka kwenye katoni yake. Halafu akaenda nyuma ya pazia, akarudi na mashine ya pili, mtumba, na manete mawili.

"Nenda nayo. Utanilipa ukipata. Ukikimbia, nitakuwa nimejua bei ya uso wako."

Nilimlipa kwa miezi mitano. Hakusema asante, hakusema hongera. Lakini tangu siku hiyo nilikaribishwa chai, na chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi mpaka machozi yanatoka. Mama yangu alipokufa, yeye alikuja matangani akiwa wa kwanza, akavua koti, akabeba viti vya plastiki kutoka kwenye gari, yeye mwenyewe, mutu mzima wa heshima, safari baada ya safari, huku wajomba zangu wamekaa wanangoja kukalishwa. Alibaki siku mbili. Ninasema hili ili mutu asifikiri ninaandika habari za shetani. Shetani ningemwelewa.

Alijivunia kitu kimoja kuliko mali: kwamba hakuwahi kusema uongo. Na ni kweli, nimezipitia kauli zake zote kichwani kama mutu anayetafuta kokoto ndani ya mchele. Sikuupata hata mmoja.

Sasa nifike pale.

Ulikuwa mwaka wa ule ugonjwa wa dunia. Huko ng'ambo mashine ya tano ilikuwa inatoka. Kwangu Majengo vijana walianza kupungua, si kwa ugonjwa, kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Himbi aliyefungua chumba cha michezo chenye vigae chini na makochi, na mashine za nne kwenye kila kioo. Vijana walimwita Madame. Mimi nilikuwa na za tatu tu, sita, zimechoka. Mshindi wangu wa benchi, kijana aliyekaa kwangu miaka minne bila kulipa kwa sababu hakushindwa, alikuja kuniaga.

"Papa, naenda kwa Madame."

"Kule utashindwa, utalipa."

"Afadhali nishindwe kwenye ya nne."

Hilo liliniuma. Nilikuwa na kiwanja Lac Vert, kwenye barabara ya Sake. Kilitoka kwenye mia mbili mia mbili za miaka kumi na tano. Mke wangu, Mama Furaha, alikuwa ameshapanda maharage pembezoni na kukusanya mawe ya msingi, jiwe kwa jiwe, kila Jumamosi. Alitaka nyumba yenye ukimya. Majengo tumelala miaka yote ukuta mmoja na vijana wanaopiga kelele za goli. Nilimwambia: tukiuze, ninunue za nne kumi, baada ya miaka miwili tutanunua viwanja viwili. Hakukataa. Aliuliza tu kama mawe yanauzwa pamoja na kiwanja. Nikasema ndiyo.

Wiki ya Noeli nikaenda Birere na pesa ndani ya soksi zote mbili.

"Muzee, nataka za nne. Kumi."

"Hazipatikani."

"Hata tano?"

"Hazipatikani, ndugu yangu. Ya tano imetoka huko kwa Wazungu, viwanda vimekosa vipande, watu wanapanga mustari na pesa mukononi na wanarudi bure. Basi mwenye ya nne haiachi. Zamani wangezitupa, zingeshuka mpaka huku kwetu. Sasa wamezishika. Hiyo njaa iko dunia nzima."

"Itaisha lini?"

"Nani anajua." Akanywa chai. "Za tatu ninazo. Thelathini. Mupya kabisa, utepe haujaguswa. Nyumba yake ya Japani ilishaacha kuzitengeneza, haitatoa tena hata moja. Sasa nakuuliza wewe: kitu ambacho hakitengenezwi tena, na watu wamekosa kile cha mbele yake, bei yake inaenda wapi?"

"Juu."

"Wewe umesema."

Nilisita. Pesa ilikuwa inanichoma miguu. Ndipo akasema lile neno, kwa sauti ya chini, sauti ya matangani:

"Si uliniambia habari ya baba yako na zile noti? Noti ilikufa. Na kitu je?"

"Kitu hakifi," nikasema.

"Basi."

Nikavua viatu, nikatoa soksi. Alituma vijana wawili wabebe. Walihesabu ishirini na tisa kutoka nyuma ya pazia. Ya thelathini haikuonekana. Muzee akasimama kutoka kwenye katoni aliyokuwa ameikalia, akaipangusa vumbi kwa kofia yake, akaiweka juu ya nyingine.

Niliona. Macho yangu mazima. Niliona akiinuka juu yake, na nikasaidia kuifunga kamba.

Mama Furaha alikuwa anachambua mchele mlangoni tulipofika na mizigo.

"Umeleta nini?"

"Nyumba yako."

Akazunguka ule mlima wa katoni, taratibu, mikono nyuma. "Mulango wake uko upande gani?"

Sikuzifungua isipokuwa tatu, za kuongezea kwenye chumba. Nyingine nilizingojea bei. Katoni ikifunguliwa imekuwa mtumba, kila mutu anajua. Nilizipanga chumbani kwetu, nikazifunika turubai, nikaweka chumvi pembeni inyonye unyevu. Mwaka wa kwanza bei ilipanda kweli, kidogo. Mama Furaha akasema uza. Nikasema bado, njaa ndiyo kwanza imeingia. Nilikuwa nasema kwa mdomo wa Muzee.

Njaa ikaisha kama ilivyokuja. Huko ng'ambo ya tano ilijaa madukani, Wazungu wakaziachilia za nne, zikashuka Kampala na Dubai kwa marundo, mtumba, bei ya viatu. Kila mwenye mbao nne na bati akafungua chumba. Fundi wetu, ambaye kila mwaka alitutilia wachezaji wapya kwenye za tatu, akaniambia hakuna tena anayetengeneza hiyo kazi. Wachezaji wangu wakaganda. Vijana waliingia, wanatazama vikosi, wanatoka wanacheka.

"Papa, kwako huyu bado yuko timu ile? Si alishastaafu, sasa ni kocha!"

Na mwingine akiwa mlangoni: "Kwenye mashine za Papa hakuna anayezeeka. Ni Papa peke yake."

Nilikwenda Himbi kwa Madame kumbembeleza anunue japo tano, za kuweka pembeni kwa watoto wadogo. Alinikaribisha vizuri, akaniletea soda. Nyuma ya kaunta yake kulikuwa na katoni tupu za nne, na kila moja ilikuwa na utepe wa kahawia uliofungwa msalaba, na kona imekunjwa ndani. Hakuna mutu mwingine Goma aliyefunga hivyo.

"Hizi ulinunua lini, Madame?"

"Wiki ya Noeli, mwaka ule wa ugonjwa. Kumi na nne. Muzee alinipigia simu yeye mwenyewe." Halafu akanitazama, akashika mdomo. "Oo. Kumbe ni weye? Alisema za tatu zitatoka kwanza, amepata mutu wa kuzibeba. Pole, Papa. Kunywa soda."

Wiki ileile. Siku niliyovua viatu, za nne kumi na nne zilikuwa nyuma ya pazia, mita mbili kutoka mguuni kwangu.

Nilishuka hadi Birere kwa miguu. Alikuwa amekaa, chai iko tayari, vikombe viwili, kama aliyenitazamia.

"Ulisema hazipatikani."

"Kwako hazikupatikana."

"Zilikuwa hapa!"

"Zilikuwa hapa, na hazikuwa za kwako. Nikikupa weye kumi, nitakuona tena lini? Baada ya miaka saba, na soksi zako. Yule mama anachukua kumi na nne leo, kesho kutwa atachukua za tano. Kitu kikiwa kidogo, kinaenda kwa mwenye kurudi. Wale wakubwa wanafanya hivyo hivyo. Mashine zikipungua wanapeleka kwenye nchi yenye pesa, Goma tunaambiwa tungoje. Umewahi kuwakasirikia?"

"Hao sikunywa nao chai."

Hilo lilimpata. Akamimina chai kwenye kikombe changu, akakisukuma kuelekea kwangu. Nilikiacha kikapoa. Kampuni za mbali zilishindana zenyewe kwa zenyewe, nani atauza zaidi, na sijui hata nani alishinda. Najua nani alishindwa, kwa sababu najua nani alilipa.

Miaka ikapita bila mimi kukanyaga kwake. Kisha mwaka huu mji ukabadilisha wenyewe, wenye bunduki wapya wakaushika. Zile siku za risasi watu waliingia Birere, wakabeba kila kitu; kwa Muzee walibeba hata pazia, hata ubao wa rafu. Uwanja wa ndege ukanyamaza, bidhaa zikakwama. Nikasikia sukari imemla mguu, umekatwa, yuko kwake Keshero. Sikwenda. Siku moja binti yake mkubwa akafika Majengo.

"Papa anakuita. Amesema uje na moja."

"Moja ya nini?"

"Amesema utajua."

Mama Furaha alisikia kutoka ndani. Alitoka akanifuata mpaka barabarani, nikiwa na katoni begani.

"Akikupa bei, uza," akasema. "Yule aliyenunua Lac Vert amekimbilia Kampala, anakiuza kwa bei ya kukimbia. Mawe yangu bado yako. Nilipita nikayaona." Akarekebisha kitenge chake. "Baba Furaha. Uza."

Nilimkuta kitandani, mto mgongoni, blanketi limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Amekuwa mdogo. Nilimpa salamu za nyumbani, akaniomba katoni. Nilimwekea mapajani. Hakuifungua. Alipitisha kidole gumba juu ya utepe wake, kona moja hadi nyingine, mpaka pale kona imekunjwa ndani.

"Umezitunza."

"Ndiyo."

"Zimebaki ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Nitakupa nusu ya ile uliyonipa. Kwa zote. Pesa iko, ya mukononi, binti anaileta sasa hivi."

Nilipiga hesabu haraka, hata mutu wa mwaka wa tano anaweza. Kwa bei ya kukimbia, nusu ile ilitosha kiwanja na mabati ya kuanzia.

"Unataka kuzifanyia nini, Muzee?"

"Angalia mji. Benki imefungwa, ndege haitui, duka zimekombwa. Ya tano inataka intaneti, inataka umeme wa maana. Ya tatu inakula umeme kidogo, haiombi ruhusa kwa mutu yeyote ng'ambo. Njaa inakuja." Macho yake yalikuwa yaleyale, ya mbele ya rafu. "Mie siwezi tena kusimama. Lakini njaa naisikia harufu."

Nikatazama alipokaa. Nilitazama vizuri safari hii. Alikuwa amekaa kitandani, juu ya godoro, kama mutu yeyote mgonjwa. Hakukuwa na katoni chini yake ya kunisaidia.

Yeye akinunua, maana yake bei inapanda: hilo lilikuwa wazo moja. La pili lilikuwa kile kikombe kilichopoa Birere. Sijui lipi lilifika mdomoni kwanza.

"Hazipatikani," nikasema.

Aliitazama katoni iliyokuwa mapajani pake. Akanitazama mimi.

"Kwangu?"

"Kwako."

Akacheka. Si kicheko cha puani. Mdomo wazi, meno yote, mpaka binti akachungulia mlangoni kuona kuna nini. "Sasa umejua kazi," akasema, huku anapangusa machozi kwa kona ya blanketi. "Miaka yote hii. Sasa ndiyo umejua kazi." Akaniambia nikae, chai inakuja. Nilikunywa. Haikuwa na tangawizi, daktari alimkataza. Nilipoinuka nikachukua katoni yangu, naye aliiachilia polepole, kidole gumba kikiwa cha mwisho.

Mama Furaha aliniona nikirudi nayo begani. Alipakua chakula, akaniwekea mbele, akaenda mazoezi ya kwaya. Mpaka leo hajauliza.

Muzee alikufa wiki ya tatu baada ya siku hiyo. Matangani nilifika wa kwanza, nikavua koti, nikabeba viti. Kiwanja cha Lac Vert kimenunuliwa na mutu wa kambi ya jeshi ya Rumangabo, ameshajenga ukuta, na mawe ya mke wangu yamo ndani ya ukuta huo. Bei ya za tatu haijapanda. Haijashuka pia, maana hakuna anayeuliza.

Mimi sikusoma, na nilichonacho nimekipata kwa mikono yangu. Leo ninacho hiki: nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu, Majengo. Chumba cha michezo, na benchi nne. Televisheni tatu nzima, na moja yenye mstari mweusi katikati. Mashine tisa zinazochezwa, wachezaji wake wote wazee. Paneli moja ya jua, betri mbili. Chukudu moja, gurudumu la nyuma limekatika. Katoni ishirini na saba, utepe haujaguswa. Ishirini na sita zimepangwa ukutani chini ya turubai. Moja nimeikalia.